Msimbo P0135 umerudi baada ya kubadilisha sensa ya oksijeni: nipime nini kabla ya kununua nyingine?

Mkazi wa Kibamba:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa umeme wa magari. Nina gari dogo la saluni la Kijapani la mwaka 2004, injini ya petroli ya sisi 1500, ambalo taa yake ya injini kwenye dashibodi ilianza kuwaka wakati wa mvua za masika na tangu hapo haijatulia. Ilipopimwa kwa skana ilitoa msimbo mmoja tu, P0135, unaohusu saketi ya hita ya sensa ya oksijeni ya mbele, yaani ile iliyofungwa kabla ya masega ya ekzosi (kifaa kinachosafisha moshi). Gereji niliyolipeleka walishauri sensa ibadilishwe. Nikanunua iliyotumika kutoka kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ikafungwa, msimbo ukafutwa na taa ikazimika, kisha ikawaka tena kabla wiki haijaisha.

Gari linawaka vizuri na halizimiki njiani. Kinachonisumbua ni ulaji wa mafuta, ambao una tabia nisiyoielewa. Nikiwa kwenye foleni ya kutoka Kimara kuelekea mjini, mafuta yanakwisha haraka mno na harufu ya petroli mbichi inasikika nyuma ya gari. Lakini nikisafiri kwenda Morogoro, matumizi yanarudi karibu na yale ya zamani. Sasa nimepewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Fundi mmoja anasema ninunue sensa mpya kabisa, kwa kuwa huenda hiyo ya mtumba nayo ni mbovu. Mwingine anasema atafunga rezista (kipande cha kuzuia umeme) mahali pa hita ili kompyuta ya gari iridhike na taa izimike. Sensa mpya ni ghali, na kabla ya kutoa fedha hiyo ningependa kujua kwa uhakika ni kitu gani kilichoharibika. Ninayo multimita ya kidijitali na ninaweza kufuata maelekezo. Nianzie wapi?

Fundi Umeme Arusha:

Ndugu wa Kibamba, salaam. Usinunue chochote kwanza. Msimbo P0135 unazungumzia saketi nzima, na sensa ni kipande kimoja tu cha saketi hiyo. Umeme wa hita hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ukafuata waya hadi kwenye soketi ya sensa, ukaingia ndani ya hita, kisha ukatoka kwa waya wa pili hadi kwenye kompyuta ya injini, ambayo ndiyo inayoufungulia njia ya kwenda hasi kila inapotaka hita ifanye kazi. Kompyuta hupima mkondo unaopita hapo. Mkondo ukiwa mdogo kuliko inavyotarajia, au ukiwa mkubwa kupita kiasi, inaandika P0135. Haina namna ya kujua kama mkondo umezuiwa na hita iliyokatika, au waya uliooza, au pini iliyolegea, au njia ya hasi iliyokufa ndani ya kompyuta yenyewe. Nimewaona wateja waliolipia sensa mbili kwa mfululizo kwa sababu ya kipande cha waya ambacho bei yake haifiki hata nauli ya kwenda kuinunua hiyo sensa.

Tabia ya mafuta uliyoieleza inaeleweka ukiijua kazi ya hita. Kiini cha sensa ya kawaida ni kauri ya zirkonia, na kauri hiyo haitoi ishara ya kuaminika mpaka ifikie joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Ikishapata joto hutoa volteji ndogo: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi kwenye mchanganyiko, na karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta huongeza na kupunguza mafuta kati ya pande hizo mbili ili kubaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Unapokwenda Morogoro moshi wa ekzosi ni mwingi na ni wa moto, kwa hiyo sensa hupashwa na moshi wenyewe hata kama hita haifanyi kazi. Kwenye foleni ya Kimara injini iko sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, moshi ni kidogo, sensa inapoa, ishara yake inapotea, na kompyuta inarudi kwenye vipimo vyake vya akiba, ambavyo kwa kawaida huelemea upande wa mafuta mengi. Hiyo ndiyo harufu unayoisikia. Usiiache kwa muda mrefu, kwa sababu petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega na kuyaharibu, na masega ni ghali kuliko sensa.

Jambo jingine lenye thamani katika maelezo yako ni kwamba msimbo ni mmoja tu. Kama gari lako lina sensa ya pili nyuma ya masega, nayo ina hita yake, na hitilafu ya hita hiyo huandikwa P0141. Katika magari mengi hita zote mbili hupata umeme kupitia fyuzi moja na rilei moja, kisha waya ukagawanyika. Fyuzi ikikatika, misimbo yote miwili hutokea pamoja. Kwa kuwa wewe umepata P0135 peke yake, ninaelekea kuamini kwamba hitilafu iko baada ya mgawanyiko: kwenye tawi la waya linalokwenda mbele, kwenye soketi, kwenye hita, au kwenye njia ya kurudi kwenye kompyuta. Angalia fyuzi hata hivyo, kwa kuwa ni kazi ndogo sana.

Vipimo vyenyewe uvifanye injini ikiwa baridi. Chomoa soketi ya sensa ya mbele na upime ukinzani kati ya pini mbili za hita, upande wa sensa. Sensa nyingi za nyaya nne husoma kati ya omu 5 na omu 16 zikiwa baridi. Mita isiposoma chochote, hita imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeshika, yaani umeme unapita njia ya mkato ndani yake. Pima pia kati ya kila pini ya hita na mwili wa chuma wa sensa, na hapo kusiwe na muunganiko wowote.

Ukimaliza hapo, hamia upande wa gari. Washa umeme kwa ufunguo bila kuwasha injini, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye pini inayoleta umeme wa hita. Unatarajia kusoma volteji ya betri, lakini nakuomba sana usiishie hapo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Multimita ya kidijitali haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12 kamili. Tafuta balbu ya wati 5, kama ile ya taa ya pakingi, iunganishe kati ya pini hiyo na hasi ya betri, kisha usome volteji balbu ikiwa inawaka. Waya mzima hautapoteza hata nusu volti. Waya mgonjwa utajulikana papo hapo.

Mwisho, iunganishe balbu hiyo hiyo kati ya chanya ya betri na pini ya pili ya hita, ile inayokwenda kwenye kompyuta, kisha washa injini. Balbu ikiwaka au ikimemeta, kompyuta inafungua njia ya hasi kama inavyopaswa. Usitumie balbu kubwa kuliko hiyo kwa kipimo hiki, maana swichi ya kielektroniki iliyo ndani ya kompyuta haikuundwa kubeba mkondo wa taa kubwa. Taa ya injini huenda ikawaka kwa sababu umechomoa sensa. Hilo lisikutie wasiwasi, utafuta msimbo ukimaliza. Lete majibu hapa.

Mwalimu wa Ufundi, Tanga:

Ninaunga mkono maelezo ya Fundi wa Arusha, nami ninaongeza tahadhari ambazo huwa ninazirudia kwa wanafunzi wangu.

Kwanza, zitambue nyaya kabla ya kupima. Kwenye sensa za Denso, ambazo ni za kawaida katika magari mengi ya Kijapani, nyaya mbili nyeusi ni za hita, wa bluu ni wa ishara, na mweupe ni hasi ya ishara. Kwenye sensa nyingi za Bosch na NTK, nyaya mbili nyeupe ndizo za hita, mweusi ni wa ishara na wa kijivu ni hasi yake. Rangi hizi ni za upande wa sensa peke yake. Ukivuka soketi kwenda upande wa gari rangi hubadilika, kwa hiyo fuata nafasi ya pini. Usipime ukinzani kwenye pini za ishara hata kidogo, kwa sababu mita ikiwa kwenye omu husukuma umeme wake yenyewe, na umeme huo unaweza kukidhuru kiini cha sensa. Ishara hupimwa kwa volti tu, sensa ikiwa ya moto na injini ikiunguruma.

Pili, hakikisha ni aina gani ya sensa iliyomo. Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, zina sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi. Kwa macho inafanana na ya kawaida, ina nyaya nne vilevile, na wakati mwingine soketi zinaingiliana, lakini hazifanyi kazi kwa namna moja. Hita ya aina hiyo husoma omu chache tu, takriban 1.8 hadi 3.4 kwenye joto la nyuzi 20, na ishara yake haipandi na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Mtu asiyejua hupima omu 2, akadhani hita imeshika, akaitupa sensa nzima. Mwingine hufunga ya kawaida mahali pa hiyo, na gari halitengemai tena. Unaponunua ya mtumba, linganisha namba iliyochapwa kwenye mwili wa sensa na namba ya ile ya zamani.

Tatu, kuhusu rezista. Nakusihi ukatae. Tufanye hesabu: hita yenye omu 13 ikipata volti 14 wakati injini inaunguruma, hutoa joto la wati 15 hivi. Rezista itakayomdanganya kompyuta italazimika kutoa joto lilelile, ikiwa imefichwa ndani ya utepe wa plastiki katikati ya nyaya nyingine. Rezista ndogo ya redio itaungua siku hiyo hiyo, na kubwa itayeyusha kilicho jirani nayo. Hata ikivumilia, sensa itabaki baridi kwenye foleni na mafuta yataendelea kuliwa, na sasa hutakuwa hata na taa ya kukuonya. Sensa za kwanza kabisa, zile ambazo Bosch walizitengeneza na Volvo wakazifunga mwaka 1976 kwenye magari yaliyokwenda Marekani, zilikuwa na waya mmoja na hazikuwa na hita, zikisubiri moshi uzipashe. Hita iliongezwa baadaye kwa sababu kusubiri huko kulikuwa hasara. Atakayekufungia rezista atakuwa amekurudisha kwenye hali hiyo na kukutoza fedha juu yake.

Dereva wa Likoni:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naomba niulize jambo la jirani na hili, nikitumai silivurugi jambo la ndugu wa Kibamba. Langu linatoa P0131 pamoja na P0171. Je, nifuate vipimo hivi hivi vya hita?

Mwalimu wa Ufundi, Tanga:

Waalaikumu salaam. Hapana, ndugu yangu, lako ni la upande wa ishara. P0131 inasema volteji ya sensa ya mbele iko chini, na P0171 inasema kompyuta imelazimika kuongeza mafuta mengi kupita kiwango kwa sababu inaona hewa imezidi. Zikitokea pamoja, mara nyingi sensa inasema kweli, na kuibadilisha hakutasaidia. Tafuta mahali hewa inapoingilia: mipira ya hewa iliyopasuka baada ya sensa ya hewa, gasketi ya manifoldi, na hasa ekzosi iliyopasuka au gasketi iliyoungua kabla ya sensa. Ekzosi iliyotoboka hutoa moshi, lakini kati ya msukumo mmoja na mwingine huvuta hewa ya nje pia, na sensa ikiiona oksijeni hiyo inaripoti kwamba mafuta hayatoshi. Asubuhi injini ikiwa baridi, sikiliza mlio wa kutiktika karibu na manifoldi na utafute alama za masizi meusi kwenye maungio. Usipoona kitu, pima msukumo wa pampu ya petroli. Ni vyema ukafungua mada yako ukaweka na vipimo, tukusaidie huko.

Mkazi wa Kibamba:

Nawashukuru sana wote. Nimepima kwa utaratibu mliouweka, na majibu ni haya.

Gari lina sensa mbili, na fyuzi ni nzima. Sensa ya mbele iliyomo sasa ina nyaya mbili nyeusi, mmoja wa bluu na mmoja mweupe. Hita yake inasoma omu 13.1 ikiwa baridi, na hakuna muunganiko na mwili wa chuma. Niliichukua pia sensa ya zamani ambayo gereji walinirudishia, nayo inasoma omu 12.8, na namba zilizochapwa kwenye sensa zote mbili zinafanana. Upande wa gari, pini ya umeme ilisoma volti 12.4 kwa mita peke yake. Nilipounganisha balbu ya wati 5, iliwaka kwa wekundu hafifu sana, na mita ikashuka hadi volti 5. Balbu hiyo hiyo nilipoiunganisha moja kwa moja kwenye betri iliwaka vizuri. Upande wa kompyuta, injini ikiunguruma, balbu iliwaka bila tatizo.

Nikisoma maelezo yenu naona kwamba hita zote mbili ni nzima, kompyuta ni nzima, na waya unaoleta umeme ndio wenye tatizo. Je, nimeelewa sawasawa? Na ninautafutaje ugonjwa huo kwenye waya ambao sehemu kubwa yake imefungwa ndani ya shada la nyaya?

Fundi Umeme Arusha:

Umeelewa sawasawa kabisa, na vipimo vyako vimetosha kulimaliza suala la sensa. Balbu ya wati 5 ikipewa volti 5 huvuta takriban robo ampea. Volti 7 na kidogo zilizopotea njiani kwa mkondo huo maana yake ni kwamba kuna ukinzani wa kama omu 28 mahali fulani kwenye waya, zaidi ya mara mbili ya ukinzani wa hita yenyewe. Hita ya omu 13 ikifuatana na kizuizi hicho hupata chini ya theluthi ya umeme wake, mkondo unashuka, na kompyuta inaandika P0135. Ingeandika hivyo hivyo hata kwa sensa iliyotoka kiwandani leo.

Sasa kutafuta. Shada zima usilifungue kwa sasa. Iache balbu ikiwa imeunganishwa kwenye soketi ya sensa ili waya ubebe mkondo wakati wote. Weka mita kwenye volti, waya wake mmoja kwenye chanya ya betri, na wa pili ukaguse waya wa hita sehemu mbalimbali, kuanzia kwenye kisanduku cha fyuzi ukishuka kuelekea sensa. Kwa namna hii unapima upotevu moja kwa moja: sehemu iliyo kabla ya ugonjwa itasoma karibu na sifuri, na sehemu iliyo baada yake itasoma hizo volti 7. Ugonjwa uko kati ya sehemu ya mwisho iliyosoma sifuri na ya kwanza iliyosoma 7. Kwa kutoboa waya tumia sindano nyembamba, na tundu ulizibe baadaye, kwa sababu maji yakiingia hapo utakuwa umepanda hitilafu ya mwakani.

Wakati huo huo tingisha shada kwa mkono huku ukiitazama balbu. Mwanga ukibadilika, umefika. Elekeza macho mahali panapoumiza nyaya: pale shada linapokunja kona nyuma ya injini, palipo karibu na bati la kinga ya joto la ekzosi, chini ya trei ya betri ambako maji ya asidi hudondoka, na popote palipowahi kufunguliwa na fundi mwingine. Umesema taa ilianza kuwaka wakati wa masika. Hiyo inanifanya nishuku kiungo kilichoingiwa na maji kuliko waya uliokatika.

Mkazi wa Kibamba:

Nimelipata. Nilianzia kwenye kisanduku cha fyuzi, ambako mita ilisoma volti 0.1, na nikafuata waya hadi kwenye kona iliyo nyuma ya injini, juu ya giaboksi. Nilipolitingisha shada mahali hapo balbu ilizimika kabisa, kisha ikarudi. Chini ya utepe mweusi wa umeme nilikuta nyaya tatu zilizowahi kukatwa na kuungwa kwa kusokotwa kwa mkono, huenda wakati giaboksi iliposhushwa enzi za mmiliki wa awali. Viungo viwili vilikuwa bado vizima. Cha hita kilikuwa kimegeuka ungaunga wa kijani, na nyuzi chache mno ndizo zilizokuwa bado zimeshikana. Utepe wenyewe ulikuwa umelegea kwa joto na ndani mlikuwa na unyevu.

Kabla ya kuunga nina maswali mawili. Je, kiungo hiki nikichomelee kwa lehemu, au nikibane kwa viunganishi vya shaba? Niliwahi kusoma kwamba nyaya za sensa ya oksijeni hazichomelewi. Na kwa kuwa sasa nina sensa mbili ambazo hita zake ni nzima, nifunge ipi?

Fundi Umeme Arusha:

Katazo ulilolisoma ni la kweli, ila linahusu nyaya zinazotoka kwenye sensa yenyewe, hadi kwenye soketi yake. Sensa hulinganisha oksijeni ya moshi na oksijeni ya hewa safi ya nje, na sensa nyingi za aina yako huivuta hewa hiyo kupitia nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi za shaba ndani ya waya. Lehemu inaziziba nafasi hizo, na vivyo hivyo grisi au dawa ya kusafishia ikipulizwa kwenye soketi. Kiungo chako kiko mbali, upande wa gari, kwenye waya wa umeme tu, kwa hiyo lehemu haiwezi kuidhuru sensa. Hata hivyo, juu ya giaboksi kuna mtikisiko mwingi, na waya uliochomelewa hukakamaa na kukatika pale lehemu inapoishia. Mimi ningekata sehemu yote ya kijani hadi nikute shaba inayong'aa pande zote mbili, nikaweka kipande kipya cha waya wa gari wenye unene uleule, nikabana viungo kwa koleo lake, na kuvifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Gundi hiyo ndiyo inayozuia maji. Viungo vile viwili vingine navyo vifanyie hivyo hivyo leo, kwa kuwa vimekaa kwenye unyevu uleule. Kisha lifunge shada kwa kishikizo, mbali na bati la ekzosi.

Ukimaliza, rudisha sensa kwenye soketi, washa injini, na upime kati ya chanya ya betri na pini ya umeme ya hita kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Isipoteze zaidi ya nusu volti.

Mwalimu wa Ufundi, Tanga:

Nami nijibu swali la sensa. Hita nzima ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kama kiini bado kina wepesi wa kuitikia, na hilo hupimwa injini ikiwa moto. Ishike injini kwenye mizunguko 2500 kwa dakika moja au mbili ili sensa ipate joto, kisha tazama ishara yake kwenye skana au kwa mita kati ya waya wa bluu na mweupe. Kwa sensa ya aina hii, kipimo kinachotumika sana ni kwamba ishara ivuke kutoka juu kwenda chini na kurudi angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Halafu kanyaga pedeli ya mafuta ghafla: ipande kuelekea 0.9. Iachie ghafla: ishuke karibu na 0.1. Sensa inayojikokota, au inayong'ang'ania katikati kwenye 0.4 au 0.5, imechoka hata kama hita yake ni nzima. Ukitumia skana ya bei nafuu, kumbuka kwamba baadhi yake huonyesha picha kwa kuchelewa na zinaweza kuifanya sensa nzuri ionekane nzito. Mita ya mkono yenye mstari wa kucheza ni bora kwa hili.

Itazame na ncha yake. Masizi meusi makavu yanatokana na mafuta mengi na mara nyingi huungua yenyewe hali ikirekebishwa. Jivu jeupe linanitia hofu, kwa sababu linaweza kuwa la silikoni iliyotumika kuzibia gasketi, au la maji ya kupozea injini yaliyovuja ndani, na sensa iliyofunikwa hivyo haiponi. Zamani adui mkubwa alikuwa risasi, lakini petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na siku hizi ninazoletewa zimekufa kwa silikoni na kwa oili.

Zote mbili zikipita kipimo, ningefunga ile ya zamani ya gari lako, kwa kuwa historia yake unaijua, na ya Gerezani ningeiweka kama akiba. Weka kidogo grisi ya kuzuia nyuzi kushikana, kwenye nyuzi za skrubu tu, isiiguse ncha. Kama ni ya kufungwa kwa nyuzi, kaza kwa nguvu ya kama niutoni mita 44, kwa spana ya milimita 22.

Mkazi wa Kibamba:

Nimeunga nyaya zote tatu kama alivyoelekeza Fundi. Upotevu kwenye waya wa hita sasa ni volti 0.2 injini ikiunguruma. Sensa ya zamani nimeirudisha. Kwenye mizunguko 2500 inavuka mara 11 kwa sekunde 10, na inaitikia pedeli kama Mwalimu alivyoeleza. Ile ya mtumba nilipoijaribu ilivuka mara 5 tu, na ncha yake ina jivu jeupe, kwa hiyo sitaitunza hata kama akiba. Msimbo nimeufuta. Skana inaonyesha kwamba sasa kompyuta inaanza kuifuata sensa ndani ya dakika moja tangu kuwasha injini asubuhi, na haiiachi gari likiwa limesimama kwenye foleni. Je, kuna haja ya kusubiri kabla ya kusema kazi imekamilika?

Fundi Umeme Arusha:

Iendeshe kwa mizunguko kadhaa ya kawaida, kila mmoja ukiwa na kuwasha injini ikiwa baridi, kwa sababu kompyuta hulipima hita upya kila safari, na kwa magari mengi hitilafu hii lazima ionekane safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Kwa hiyo soma pia misimbo inayosubiri kwenye skana, ile ambayo bado haijawasha taa. Ikiwa haipo baada ya safari hizo, kazi imekamilika. Kisha tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza: yalikuwa yamejifunza katika hali mbaya, na yanapaswa kurudi polepole hadi ndani ya asilimia 10 kutoka sifuri, upande wowote.